Jibu lililonyooka kupita kiasi: Dukakis katika mdahalo wa 1988

Alhamisi, tarehe 13 Oktoba 1988, ukumbi wa Pauley Pavilion katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Wagombea wawili wa urais wa Marekani wamesimama mbele ya kamera: George Bush wa Republican, makamu wa rais, na Michael Dukakis wa Democratic, gavana wa Massachusetts. Msimamizi wa mdahalo, Bernard Shaw wa CNN, hakupiga porojo. Swali lake la kwanza lilimwendea Dukakis: Gavana, kama Kitty Dukakis angebakwa na kuuawa, je, ungeunga mkono muuaji apewe adhabu ya kifo?

Kitty alikuwa mkewe.

Dukakis hakupepesa jicho. "Hapana, Bernard," alijibu, "na nadhani unajua kwamba nimeipinga adhabu ya kifo maisha yangu yote." Akasema haoni ushahidi kwamba adhabu hiyo inazuia uhalifu. Akataja kwamba katika jimbo lake uhalifu umeshuka kuliko katika jimbo jingine lolote la viwanda. Kutoka hapo akaingia kwenye vita dhidi ya dawa za kulevya, akaahidi kuitisha mkutano wa viongozi wa bara zima la Amerika, akamalizia na elimu kwa watoto wa shule za msingi. Hadi muda wake unaisha, jina la Kitty lilikuwa limetajwa ukumbini mara moja tu, na aliyelitaja ni Shaw.

Bush alipopewa nafasi ya kujibu, hakuhitaji nguvu nyingi. Alisema sehemu kubwa ya kampeni hii inahusu maadili, na kwamba kuna uhalifu wa kinyama kiasi kwamba yeye anaamini adhabu ya kifo inastahili. Basi. Mdahalo ulikuwa na zaidi ya saa nzima mbele yake, lakini kwa watazamaji wengi ulikwisha palepale.

Kisa hiki husimuliwa sana, na husimuliwa kwa namna moja: mtu mwenye akili alijibu kwa hoja, wapiga kura wenye mihemko wakamwadhibu. Simulizi hiyo inawapendeza wasomi, maana inawaweka wao upande wa hoja. Mimi naona imekosea mahali muhimu, na kosa lenyewe ndilo linalofanya wagombea wengi waendelee kuanguka kwenye shimo lilelile.

Swali lilikuwa linauliza nini?

Tukilichukua kama swali la sera, jibu la Dukakis halina kasoro. Msimamo wake ulikuwa wa miaka mingi, haukuyumba, na alitoa sababu. Shaw hakuwa anauliza sera, kwa kuwa kila mtu aliyefuatilia siasa kidogo alijua msimamo wa gavana huyu, na Dukakis mwenyewe alikumbusha hivyo. Aliloulizwa ni lile ambalo Waswahili wamelifunga kwenye methali: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Msimamo wako wa huruma kwa wauaji ni mwepesi wakati marehemu ni mke wa mtu mwingine. Akiwa wako, je?

Swali lilikuwa katili. Waandishi watatu waliokuwa kwenye jopo, wanawake wote, walikuwa wamelisikia kabla ya matangazo, na walijaribu kumshawishi Shaw asilitumie jina la Kitty. Alikataa. Mtu anaweza kusema, na mimi nakubali, kwamba hakuna mgombea anayestahili kuulizwa hivyo mbele ya nchi nzima. Lakini mpiga kura aliyekuwa sebuleni kwake hakuwa mwamuzi wa adabu za uandishi wa habari. Alikuwa anamtazama mume anayesikia mkewe akitajwa kama maiti, na alikuwa anasubiri kitu fulani kitokee usoni mwa mume huyo. Hakikutokea.

Hapo ndipo watu wanaposema "hisia ziliamua", kana kwamba hisia ziliingia kuziba nafasi ya fikra. Tazama kazi aliyonayo mpiga kura. Anaombwa amkabidhi mtu asiyemjua madaraka ya miaka minne, kwa matukio ambayo bado hayajatokea. Ilani ya chama haiwezi kumwambia mgombea atafanya nini siku itakapozuka vita ambayo hakuna aliyeitabiri. Kwa hiyo anatafuta dalili za mtu mwenyewe: anaumizwa na nini, anakasirishwa na nini, nikipatwa na janga atanielewa au atanisomea takwimu? Ukosefu wa hisia kwenye uso wa Dukakis ulipokewa kama taarifa kuhusu jambo ambalo hotuba zake zote hazikuligusa. Huenda taarifa hiyo ilikuwa ya uongo. Hata hivyo, kuitafuta halikuwa jambo la kijinga.

Elimu ya ubongo inaunga mkono upande huu zaidi ya upande wa wasomi wanaobeza. Antonio Damasio, daktari wa mishipa ya fahamu, aliwachunguza wagonjwa walioharibika sehemu ya mbele ya ubongo inayounganisha hisia na maamuzi. Akili zao za kupimwa kwa mitihani zilibaki sawasawa. Waliweza kuorodhesha faida na hasara za jambo kwa ufasaha, kisha wakashindwa kuchagua, au wakachagua vibaya kabisa katika maisha yao. Mpiga kura aliyevuliwa hisia zote, yule anayetamaniwa na wahariri, angefika kituoni na karatasi yake na asijue aweke alama wapi.

Alichokuwa nacho na hakukitoa

Kinachokifanya kisa hiki kiume ni kwamba Dukakis hakuwa mtu asiyejua uchungu wa uhalifu. Baba yake, Panos, mhamiaji wa Kigiriki aliyesomea udaktari, alivamiwa akiwa mzee ofisini kwake, akapigwa na kufungwa na mtu aliyekuwa anatafuta dawa za kulevya. Kaka yake, Stelian, aligongwa na gari mwaka 1973 akiwa kwenye baiskeli. Dereva alikimbia, na Stelian akafariki kutokana na majeraha. Washauri wa kampeni walijua nguvu ya historia hii, na walikuwa wamemwandalia jibu linaloigusa kwa siku atakapoulizwa kuhusu wahalifu na waathirika wao.

Siku hiyo ilifika, tena kwa swali la kwanza. Alikuwa anaumwa mafua, na mchana alilala kidogo kupata nguvu. Labda homa ilichangia. Lakini miaka baadaye, akihojiwa kuhusu usiku ule, alisema alijibu kama mtu aliyekwisha kuulizwa swali lile mara elfu moja, na kwamba hata akilirudia jibu lake haoni kwamba lilikuwa baya kiasi hicho. Namwamini. Masikio yake yalisikia "adhabu ya kifo", na mdomo ukatoa jibu la adhabu ya kifo. Neno "Kitty" lilipita.

Sasa jaribu kufikiria jibu ambalo lingelinda msimamo wake wote na bado lingekuwa la mume. Kwamba akimkuta mtu huyo angetaka kumuua kwa mikono yake, kama mume mwingine yeyote. Kwamba amewaona baba na kaka yake wakiumizwa na anajua hasira hiyo inavyochoma. Na kwamba ndiyo maana hukumu haiachwi mikononi mwa mume mwenye hasira, inapelekwa mahakamani. Hoja ingebaki ileile, hapana ingebaki hapana, na sidhani hata mpenzi wa adhabu ya kifo angetoka pale akisema mtu huyu ana moyo wa barafu. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wakisoma kisa hiki wanapata funzo kwamba Dukakis alipaswa kubadili msimamo, au kulia. Machozi ya kulazimisha mbele ya kamera yangenukia vibaya zaidi.

Udongo uliokwisha kulimwa

Jibu lile lisingekuwa na uzito ule kama lingedondoka kwenye udongo mkavu. Miezi mitatu kabla, Julai 1988, Dukakis alikuwa juu. Baada ya mkutano mkuu wa chama chake mjini Atlanta, kura za maoni zilimpa hadi pointi 17 mbele ya Bush. Katika hotuba ya kukubali uteuzi alitoa sentensi ambayo ukiisoma leo inasikika kama mtu anayejichimbia: uchaguzi huu hauhusu itikadi, alisema, unahusu uwezo wa kutenda kazi.

Upande wa pili, Lee Atwater, aliyeiongoza kampeni ya Bush, na Roger Ailes, fundi wa matangazo, hawakuhangaika kubishana naye kuhusu uwezo wa kazi. Walichukua mambo mawili kutoka kwenye faili lake la ugavana.

La kwanza ni kiapo cha bendera, kile cha kuahidi utii kwa nchi. Mwaka 1977 Dukakis alikataa kutia saini mswada wa kuwalazimisha walimu waongoze kiapo hicho madarasani, baada ya majaji wa mahakama kuu ya jimbo kumshauri kwamba ungevunja katiba. Kisheria alikuwa na haki. Bush akazunguka nchi akiapa mbele ya bendera, hata kiwanda cha bendera akakitembelea. Dukakis alijibu kwa kueleza katiba inasemaje. Mtu anakushtaki kwamba huipendi nchi yako, wewe unamjibu kwa kifungu cha sheria! Mfano wa Oktoba ulikuwa umekwisha kuonekana Agosti, ila hakuna aliyeushika.

La pili lilikuwa zito zaidi. Massachusetts ilikuwa na mpango wa kuwapa wafungwa ruhusa ya kutoka kwa muda mfupi, mpango ulioanza mwaka 1972 chini ya gavana wa Republican. Bunge la jimbo lilipotaka kuwaondoa wauaji wa daraja la kwanza kwenye mpango huo mwaka 1976, Dukakis alikataa. Mwaka 1986 mfungwa mmoja wa aina hiyo, William Horton, aliondoka kwa ruhusa na hakurudi. Mwaka uliofuata, huko Maryland, aliwavamia mwanamume na mchumba wake nyumbani, akamjeruhi mwanamume na kumbaka mwanamke. Horton ni mweusi, na waliovamiwa ni weupe. Kundi la nje lililomuunga mkono Bush lilirusha tangazo lenye picha ya uso wake, likimwita "Willie", jina ambalo mwenyewe amesema hakulitumia.

Kampeni rasmi ya Bush haikuonyesha uso huo. Tangazo lake la Oktoba lilikuwa na wanaume waliovaa kifungwa wakiingia na kutoka kupitia geti linalozunguka, rangi nyeusi na nyeupe, mlio mzito kwa nyuma. Sauti inasema kwamba wauaji wa daraja la kwanza wasiostahili kuachiliwa mapema walipewa ruhusa za mwisho wa wiki, na kwamba wengi wao wakiwa nje walifanya uhalifu mwingine kama utekaji na ubakaji. Wakati huohuo maandishi kwenye kioo yanasema 268 walitoroka. Mtazamaji anaunganisha mwenyewe: wauaji 268 mitaani. Ukweli ni kwamba kati ya hao 268, wauaji wa daraja la kwanza walikuwa wanne, na aliyeteka na kubaka alikuwa mmoja.

Sitaki kupita hapa haraka, maana hapa ndipo utetezi wangu wa hisia unapobanwa. Nimesema hisia ni namna ya kutafuta taarifa. Lakini taarifa inaweza kupikwa. George Marcus na wenzake, wanasayansi wa siasa waliolitafiti jambo hili kwa muda mrefu, wanatofautisha hisia badala ya kuziweka kapu moja. Mtu mwenye shauku huendelea na mazoea yake, chama chake na mgombea wake. Mtu mwenye wasiwasi huacha mazoea, anainua kichwa, anatafuta habari mpya na yuko tayari kubadili upande. Hasira ni kitu kingine tena, maana humfunga mtu kwenye msimamo na kumpa haraka ya kuadhibu.

Ted Brader alilipima hili katika Massachusetts ileile, miaka kumi baadaye, wakati wa mchujo wa Democratic wa kumtafuta mgombea ugavana mwaka 1998. Aliwaonyesha washiriki matangazo yenye maneno yaleyale, akabadilisha muziki na picha tu. Walioonyeshwa picha na muziki wa kutia hofu walipunguza kuegemea upendeleo waliokuja nao, wakavutwa na yaliyosemwa kwenye tangazo. Walioonyeshwa watoto wanaocheka na muziki mtamu waliongeza hamu ya kupiga kura na kuganda pale walipokuwa.

Rudi sasa kwenye geti linalozunguka. Mademokrati wengi wa tabaka la wafanyakazi walikuwa na mazoea ya kukipigia kura chama chao. Hofu iliwainua kichwa. Wakaanza kutazama wapate habari mpya kuhusu huyu gavana: je, anaielewa hofu yetu? Na mahali pa wazi kabisa pa kutazama palikuwa jukwaa la mdahalo. Swali la Shaw halikutoka hewani, lilikuwa swali la Horton likiwa limevalishwa jina la Kitty. Watu walikuja kutafuta jibu, na walipewa elimu ya dawa za kulevya kwa shule za msingi.

Kuhusu rangi, ubishi haujaisha. Jesse Jackson, mwanasiasa mweusi wa Democratic, alilalamika hadharani mwezi Oktoba kwamba Horton alitumiwa kuchochea ubaguzi. Mtafiti Tali Mendelberg alihoji kwamba ujumbe wa aina hiyo huwa na nguvu ukibaki wa mafumbo, na hupungua makali ukitajwa waziwazi. Watafiti wengine wamelipinga hitimisho lake. Atwater mwenyewe, akifa kwa uvimbe wa ubongo mwaka 1991, aliomba radhi kwa ukatili wa mambo aliyomtendea Dukakis. Kwa upande wa Dukakis, kosa lilikuwa kunyamaza kwa wiki nyingi kwa imani kwamba uchafu hujiondokea wenyewe.

Na kifaru? Ndiyo, kuna pia ile siku ya tarehe 13 Septemba, huko Sterling Heights, Michigan, alipopanda kifaru cha Abrams akiwa na kofia kubwa ya askari, akitabasamu na kunyoosha kidole, waandishi wakicheka chini. Alitaka aonekane ni mtu wa ulinzi imara. Wapinzani wakazichukua picha hizo wakatengenezea tangazo. Inanifurahisha kama mfano wa kinyume: pale hisia ilionyeshwa kwa makusudi, ikapangwa hadi kofia, na ikakataliwa. Watu walinusa kwamba haikuwa yake.

Je, jibu moja lilimwangusha?

Hapana. Kwenye uchaguzi wa tarehe 8 Novemba Bush alipata asilimia 53.4 ya kura, Dukakis asilimia 45.6. Bush alichukua majimbo 40 na kura 426 za wajumbe wanaomchagua rais, dhidi ya 111. Pengo hilo haliwezi kubebwa na sentensi moja. Bush alikuwa amekwisha kushika uongozi tangu Agosti, wiki nyingi kabla ya Los Angeles. Uchumi ulikuwa unakua, ukosefu wa ajira ulikuwa chini ya asilimia 6, na Ronald Reagan, rais na bosi wake, alikuwa bado anapendwa na wengi. Hali kama hiyo humbeba mgombea wa chama tawala hata akiwa si mcheshi, na Bush hakuwa mcheshi.

Hilo huwafanya baadhi ya watu wafute hisia kwenye hesabu: uchumi uliamua, mengine ni hadithi. Naona hapo pia kuna haraka. Ukuaji wa uchumi haupigi kura. Hufika kituoni ukiwa ndani ya mtu, kama utulivu wa anayejua ajira yake ipo kesho. Mwaka 1988 kampeni ya Bush ilikuwa na watu watulivu iliotaka wabaki watulivu, na watu wa Dukakis iliotaka kuwatia wasiwasi. Kwa wa kwanza ilitoa bendera, kwa wa pili ikatoa geti la gereza. Dukakis aliwapa wote wawili kitu kimoja, rekodi yake ya kazi.

Ninachokichukua kutoka usiku wa Los Angeles kwa hiyo ni kidogo na ni mahususi. Jibu halikubadilisha mshindi. Liliwapa watu namna ya kulisema jambo walilokuwa wameanza kulihisi tangu kiangazi bila kuwa na neno lake. Ndiyo maana limekumbukwa kuliko matangazo yote, na ndiyo maana maandalizi ya midahalo baada yake yalibadilika: mgombea hafundishwi tena takwimu tu, anafundishwa kulisikia jina la mtu lililo ndani ya swali.

Si wote waliojifunza. Tarehe 15 Oktoba 1992, mjini Richmond, Virginia, mwanamke mmoja kwenye hadhira aliwauliza wagombea deni la taifa limewagusaje wao binafsi. Bush, sasa rais anayetetea kiti chake, alionekana akitazama saa ya mkononi. Alipoanza kujibu aliingia kwenye viwango vya riba, akakwama, akamwambia muulizaji hana hakika kama amemwelewa. Bill Clinton alipopewa zamu aliondoka kwenye kiti, akatembea hadi ukingo wa jukwaa, akamtazama yule mwanamke na kumwomba amweleze tena: limekugusaje wewe?